Mshono Unaonyumbuka: Kushona Fulana kwa Cherehani ya Nyumbani

Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano wa Sherehe ya Mwaka wa Kumi



Waandalizi wa sherehe hii walitaka niseme habari za miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Lakini habari hizo Bwana Mwenyekiti amekwisha kuzisema kwa ufasaha kunipita mimi, na hesabu zake zitachapwa katika kijitabu cha ukumbusho, kila mtu azisome kwa nafasi yake. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nitumie dakika zangu kwa jambo moja tu, dogo kama tundu la sindano, ambalo katika mwaka wetu wa saba lilikaribia kutuvunja, na ambalo leo saa nane mchana litarudi mbele yenu likitaka kura zenu. Jambo lenyewe ni namna ya kushona fulana kwa cherehani ya nyumbani.

Naona wako wanaotabasamu. Wengi walioketi mbele yangu walishika cherehani kabla mimi sijazaliwa, na mimi ni karani tu niliyemaliza kidato cha nne nikafundishwa kuandika vitabu vya hesabu. Sikuja kuwafundisheni kushona. Nimekuja kukiri mbele ya watu wote kosa nililolifanya mimi na mkalilipa ninyi, na kueleza yale ambayo mama zetu na dada zetu wa vikundi vya ushonaji waliyavumbua baadaye, ili yaandikwe yasipotee.

Mtakumbuka ya kuwa mwaka ule shule moja ya msingi ilituletea barua ikitaka fulana 160 za michezo, za rangi ya manjano, zenye mkanda wa kijani shingoni. Hadi siku ile vikundi vyetu vilikuwa vikishona kaptula za khaki, mashati meupe, sketi za buluu na magauni ya vitenge, wala haikuwahi kurudishwa hata nguo moja. Niliisoma barua nikaona fedha. Sikumwuliza mshonaji yeyote. Nilijibu siku ile ile kwamba tutazileta kwa muda wa majuma matatu, kisha nikapanda basi kwenda Kariakoo kununua majora ya kitambaa. Na kwa kuwa nilitaka kuokoa fedha ya chama, nikanunua na uzi wa pamba uliokuwa ukiuzwa rahisi. Nilirudi nikijiona mwerevu.

Fulana zilishonwa, zikapigwa pasi, zikakunjwa. Kwa macho zilipendeza kabisa. Siku ya michezo nilialikwa, nikakaa na walimu chini ya turubai. Watoto walipoanza kuvaa, kila mmoja akipenyeza kichwa kwa haraka kama ilivyo desturi ya watoto, nilisikia mlio ambao sitausahau: ta! ta! ta! kama bisi zipasukazo chunguni. Zilikuwa nyuzi za shingo zikikatika. Kitambaa chenyewe hakikutatuka popote. Ni mshono uliokatika, ukaachana, mkanda wa kijani ukaning'inia kifuani mwa mtoto kama shanga. Hata kufika mwisho wa juma fulana 47 zilikuwa zimerudi ofisini, nyingine zimekatika shingoni, nyingine kwapani, na nyingine zina vitundu vidogo kandokando ya mshono, mtu akidhani zimeliwa na mende. Tena vitundu hivyo havikukaa mahali pamoja. Kila nguo ilipofuliwa vilishuka chini kama ngazi.

Wapo waliosema kwamba washonaji walilipua kazi. Mama mmoja, mjane, aliyekuwa ameshona 22 kati ya zile zilizorudi, alizichukua akazifumua na kuzishona upya zote kwa usiku wake mwenyewe bila ujira, maana chama hakikuwa na fedha ya kulipia kazi moja mara mbili. Alipozileta aliziweka juu ya meza yangu akaniambia, "Mwanangu, mimi sikushona vibaya. Nimeshona kama nilivyofundishwa." Akaenda zake, wala hakuonekana mkutanoni kwa miezi minne. Na zile alizozishona upya zilikatika tena, pale pale.

Alikuwa amesema kweli. Tulikuwa tumeshona kitambaa cha namna moja kwa ujuzi wa kitambaa cha namna nyingine.

Basi fikirini nguo ambazo mikono yetu ilizizoea. Bibi zetu walivaa marekani, kitambaa kile cha pamba kilichokuja Zanzibar kwa majahazi na meli za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya kumi na tisa na kubaki na jina la nchi yao. Walivaa kaniki. Zikaja kanga, vitenge na khaki, na baadaye kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China kikatuletea nguo za kwetu. Nguo hizo zote ni ndugu. Zina nyuzi za mtande zilizosimama na nyuzi za mshindio zinazopita katikati, juu na chini, zimebanana kama chane za mkeka. Ukiishika kanga kwa ncha mbili za upande mmoja ukaivuta, haiongezeki. Huongezeka ukiivuta kwa hanamu tu, na kila fundi ajua kwamba kipande kilichokatwa hanamu kina ukaidi wake.

Fulana si ya ukoo huo. Hapo lugha yetu yatupoteza kidogo, kwani neno kufuma twalitumia kwa kazi zote mbili, ya mfumaji wa nguo kwenye kitanda chake na ya bibi anayefuma sweta la mtoto kwa sindano mbili. Kitambaa cha fulana ni kile cha pili. Hakina mtande wala mshindio. Ni uzi uliojipinda vitanzi, kila kitanzi kimeshikwa na kitanzi cha juu yake, maelfu kwa maelfu. Kinafanana zaidi na wavu wa mvuvi kuliko mkeka, ijapokuwa wavu una mafundo na fulana haina. Ukikivuta, vitanzi hupanuka, ukikiachia, hurudi. Ndiyo sababu fulana yaweza kupita kichwani bila kifungo wala zipu. Na ndiyo sababu ukikata kitanzi kimoja, wenzake walio katika safu ile ile hukosa wa kuwashika, wakaachiana mmoja baada ya mwingine. Ile ndiyo ngazi tuliyoiona.

Mashine ya kwanza ya kufuma vitanzi ilibuniwa Uingereza mwaka 1589 na mtu aitwaye William Lee, kwa ajili ya soksi ndefu. Cherehani ya Isaac Singer ilipata hati mwaka 1851. Kwa hiyo kitambaa cha vitanzi kilitangulia cherehani kwa miaka zaidi ya mia mbili na hamsini, na hata hivyo mshono wa cherehani uliosambaa duniani ukawa ni ule wa kufaa kitambaa cha mtande: uzi mmoja juu, mwingine chini, umenyooka na umekaza. Mwaka 1958 fundi wa kemia aitwaye Joseph Shivers, akifanya kazi katika kampuni ya DuPont huko Marekani, alitengeneza nyuzi zinyumbukazo kama mpira, ambazo watu wengi huziita Lycra. Siku hizi huchanganywa katika fulana, suruali za mazoezi na nguo za ndani, na nguo kama hizo huvutika zaidi tena.

Nirudi kwetu. Aliyetutoa gizani ni dada mmoja wa kikundi cha pili ambaye hakusoma kitabu chochote juu ya jambo hili. Alinunua fulana moja ya mtumba, kuukuu, imefuliwa mara zisizo na hesabu na bado mshono wake mzima. Akaketi nayo barazani akaifumua uzi baada ya uzi kwa ncha ya sindano, bila kukata. Siku iliyofuata alikuja ofisini na nyuzi hizo amezikunja katika karatasi. Tukafumua na mshono wetu wenye urefu ule ule, inchi 10, tukazilaza nyuzi zote mezani tukazipima kwa tepu. Za mshono wetu, wa juu na wa chini pamoja, zilifika inchi 25 hivi. Za fulana ya kiwandani, iliyoshonwa kwa ovaloki ya nyuzi tatu, zilizidi meza. Tulizipima kwa vipande, zikakaribia inchi 140. Baadaye nilikuja kujua ya kwamba watu wa viwandani wana hesabu hiyo hiyo ya kukadiria uzi: mshono wa kawaida hula uzi mara mbili na nusu ya urefu wake, na ovaloki ya nyuzi tatu hula mara kumi na nne.

Mabibi na Mabwana, siku ile niliona aibu na furaha kwa pamoja, maana siri yote ilikuwa imelala pale mezani. Mshono hauwezi kunyumbuka kupita uzi uliomo ndani yake. Kitambaa kinapovutwa, vitanzi vyake vina akiba ya kutoa. Mshono ulionyooka na kukazwa hauna akiba yoyote, kwa hiyo uzi hukatika. Ovaloki haina uchawi. Hutia uzi mwingi tu. Na tukishajua hivyo, swali letu ni moja: je, cherehani tuliyo nayo nyumbani yaweza kutia uzi zaidi katika mshono? Yaweza, kwa njia kadhaa, nami nitazieleza kama zilivyojaribiwa na wenzetu.

Wenye cherehani ishonayo zigizagi wana kazi nyepesi. Wasishone zigizagi pana kama ya kuzuia nyuzi kuchomoka, la. Waweke upana mdogo mno, nusu milimita hadi milimita moja, na urefu wa hatua milimita mbili hadi mbili na nusu. Kwa mbali mshono huo waonekana umenyooka, lakini kila hatua imekwenda upande kidogo, na ule upande ndio akiba. Nguo ikivutwa zigizagi hunyooka kwanza kabla uzi haujaumia. Cherehani nyingine zina mshono uendao mbele mara mbili na kurudi nyuma mara moja. Huo ni imara sana na hufaa kwapani na katikati ya miguu ya suruali za mazoezi, ila ukikosea kuufumua ni adhabu, nao hauendi haraka.

Lakini wengi wetu tuna zile cherehani nyeusi za kukanyaga, Singer za zamani tulizorithi au Butterfly za kutoka China, zishonazo mstari ulionyooka tu. Wenye cherehani hizi walikwisha kukata tamaa, na ni kwao hasa nataka kusema. Kwanza, fupisheni hatua ya mshono iwe karibu milimita mbili, kwani hatua nyingi hubeba uzi mwingi kuliko hatua chache. Lakini msifupishe kupita hapo, maana sindano ikipigapiga mno mahali pamoja huvitoboa vitanzi. Pili, legezeni mkazo wa uzi wa juu, na wa chini nao, kwa kugeuza ile parafujo ndogo kwenye kijumba cha bobini, robo ya mzunguko tu kwa mara moja. Uzi wa chini ndio unaokatika mara nyingi, nao ndio tunaousahau. Tatu, unaposhona, mkono mmoja uwe mbele ya mguu wa cherehani na mmoja nyuma yake, ukivuta kitambaa kidogo kwa mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Sisemi ukivute kwa nguvu zako zote. Kidogo tu, kiasi cha kukifanya kiwe macho. Uzi huingia kitambaa kikiwa kimepanuka, na kikirudi uzi unabaki na ziada. Kisha mshone mstari wa pili milimita tatu kandokando ya wa kwanza, upande wa ukingo wa kitambaa.

Na uzi uwe wa polista. Naomba hapa nirudie: usiwe wa pamba. Uzi wa pamba haurefuki ila kidogo sana kabla ya kukatika, lakini wa polista hurefuka na kurudi. Ule uzi rahisi nilioununua Kariakoo ulitugharimu kuliko kitambaa.

Sasa sindano. Wako kati yetu, nami sitamtaja mtu, ambao sindano moja hukaa mashineni tangu Ramadhani hadi Ramadhani. Kwa khaki husamehewa. Kwa fulana haisamehewi. Sindano ya kawaida ina ncha kali itobayo uzi wa kitambaa, na vile vitundu vilivyotufedhehesha vilitokana nayo. Inatakiwa sindano ya ncha ya mviringo, ambayo hausukuma uzi pembeni ikapita katikati ya vitanzi bila kukata. Namba 75, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia 11, yafaa fulana nyepesi. Namba 90, yaani 14, yafaa kitambaa kizito kama cha sweta la michezo. Ukiitazama huwezi kuitofautisha na nyingine, kwa hiyo zikaeni katika pakiti zake.

Kuna na ugonjwa mwingine ambao wengi huulaumu ushetani wa mashine, nao ni kuruka mishono. Mashine inashona vema, mara inaacha nafasi kama meno ya mzee. Sababu ni hii. Sindano ikifika chini na kuanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu lake, na ncha ya ndoana inayozunguka chini hukidaka kitanzi hicho. Ndivyo mshono unavyofungwa. Lakini kitambaa chenye mpira huing'ang'ania sindano kikapanda pamoja nayo, kitanzi kisifanyike, na ndoana ipite patupu. Dawa ya kwanza ni sindano mpya ya ncha ya mviringo. Kwa vitambaa vyenye Lycra nyingi zipo sindano zilizotengenezwa maalumu kwa ajili yake, zimechongwa nyuma ya tundu ili ndoana ifike karibu zaidi. Nazo si ghali ukilinganisha na fulana moja iliyorudishwa. Dawa ya pili ya hapa nyumbani ni kuweka ukanda wa karatasi nyepesi chini ya kitambaa na kushona juu yake, kisha kuichana karatasi polepole.

Karatasi hiyo husaidia pia mshono usiwe na mawimbi. Nadhani wote mmeona pindo la fulana likisimama kama ukingo wa jani la mgomba uliopigwa na upepo. Hutokea hivyo kwa sababu meno ya chini yanasukuma kitambaa cha chini, na mguu unaobana kutoka juu unakizuia cha juu, na katikati ya ubishi huo kitambaa kinarefushwa. Juu ya cherehani nyeusi, penye kichwa cha ule mti uliobeba mguu, pana parafujo ya kupunguza nguvu ya kubana. Ilegezeni. Fundi mmoja mzee aliniambia kwamba katika miaka arobaini hajawahi kuigusa parafujo hiyo, akidhani imewekwa kwa urembo. Mawimbi yakiwa yamekwisha kuingia, pasi yenye mvuke iliyowekwa na kuinuliwa, bila kuburutwa, huyarudisha kwa sehemu kubwa. Pasi yenyewe isiwe na moto mkali, maana Lycra huharibika na polista hung'aa vibaya.

Kazi nyingine ni ya kabla ya kushona, nami nitaipitia upesi. Kitambaa kifuliwe kwanza, kwa kuwa fulana ya pamba hupungua, hasa kwa urefu, na ni heri kipungue mezani kwako kuliko mwilini mwa mtoto wa watu. Kilazwe usiku mzima kikiwa kimefunguliwa, maana kwenye jora kilikuwa kimevutwa. Wakati wa kukata kisining'inie ukingoni mwa meza, kwani uzito wake hukirefusha. Safu za vitanzi zipande kutoka pindo hadi shingo, ili upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Ukingo wake haufumuki nyuzi kama wa khaki, walakini hujikunja. Basi akiba ya mshono iwe ya kutosha.

Ipo na namna rahisi ya kupima kitambaa kabla ya kukikubali. Kunja kipande, shika sentimita 10 mbali na ukingo, vuta juu ya tepu mpaka kikatae. Kikifika 12 na nusu, kinavutika kwa robo. Kikifika 15, kwa nusu. Kisha uachie uone kama kinarudi mahali pake. Kisichorudi mkiache dukani, hata kama rangi yake ni nzuri. Siku ile Kariakoo nilitazama rangi tu.

Juu ya shingo sharti niseme zaidi, kwa sababu ndipo tulipoangukia. Mkanda wa shingo usikatwe sawa na mzunguko wa tundu la shingo. Ukiwa sawa, hulegea na kusimama. Ukatwe mfupi kidogo, kama asilimia 85 ya mzunguko: tundu likiwa sentimita 50, mkanda uwe 42 au 43, pamoja na akiba ya kuunganisha. Gawanyeni mkanda sehemu nne, na shingo sehemu nne, mzibane kwa pini kila mahali penye alama, kisha mshone mkiuvuta mkanda peke yake hadi ulingane na shingo. Shingo yenyewe msiivute hata kidogo. Mshono wa hapa ndio unaohitaji uzi mwingi kuliko mahali pote, kwa kuwa kichwa cha mtoto hakibembelezi. Mabega ni kinyume chake. Mabegani hatutaki mshono unyumbuke, la sivyo mikono itashuka hadi viwikoni. Basi shoneni pamoja na utepe mwembamba wa pamba, au ukanda uliokatwa kwenye ukingo wa jora la kitambaa cha mtande.

Pindo la chini ndilo lililobaki kuwa dhaifu kwetu, na sitaki kudanganya. Fulana za kiwandani zina mistari miwili juu na uzi uliosukwa chini yake, kazi ya mashine ambayo hakuna kati yetu mwenye nayo. Sindano pacha katika cherehani ya zigizagi huleta sura iliyo karibu nayo, na hunyumbuka kwa kiasi. Kwa cherehani nyeusi tumekuwa tukipinda na kushona mistari miwili kwa njia niliyoieleza. Yatosha kwa fulana iliyo pana chini, haitoshi kwa nguo ya kubana.

Basi hayo yaliyojaribiwa, nami nafika kwenye jambo la saa nane. Shule ile ile imetuandikia tena. Safari hii yataka fulana 200. Katika Halmashauri mna maoni mawili. Wengine wasema tuikatae barua, tubaki na khaki yetu tuliyoizoea. Wengine wasema tukope tununue ovaloki sita, moja kwa kila kikundi, ndipo tuikubali.

Mimi, kwa heshima zote, siafikiani na pande zote mbili. Tukikataa, watoto watavaa fulana zilizoshonwa mbali, na ujira utakwenda huko huko, hali khaki inatupa kazi miezi ya Desemba na Januari tu, kabla shule hazijafunguliwa. Na tukikopa, ovaloki sita zitadai umeme, nyuzi nyingi kama mlivyosikia, na fundi wa kuzitia nyuzi hizo, ambaye hatunaye. Nazo khaki ikirudi zitasimama bila kazi huku riba haisimami. Naona tununue moja tu, kwa fedha ya akiba tuliyo nayo, iwekwe ofisini kwa kumalizia kingo na shingo, na mishono mingine ishonwe nyumbani kwa cherehani zetu wenyewe. Tuombe majuma sita, si matatu. Bei ya sindano na uzi wa polista iingizwe katika bei ya fulana, isikatwe kwenye ujira wa mshonaji. Na katibu asijibu barua yoyote ya kazi mpya kabla washonaji wawili hawajaishika sampuli ya kitambaa na kutia sahihi. Kanuni hiyo nimeiandika mwenyewe, na inanifunga mimi kwanza.

Nimekuja na fulana mbili ndani ya mfuko huu. Moja ni ya zile za mwaka wa saba ambayo kwa bahati haikuvaliwa. Ya pili imeshonwa juma lililopita kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga, bila ovaloki yoyote. Zitapita mikononi mwenu kuanzia safu ya nyuma. Zivuteni shingo zote mbili bila huruma. Ile itakayokatika itupeni. Ile nyingine msinirudishie mimi, mrudishieni mama aliyeishona. Ameketi safu ya tatu, upande wa dirishani, naye anaijua meza yangu.